Gazi, kupanda mikoko na vijana wa sekondari: nyota tano kwa wenyeji, moja kwa basi letu

Mimi ni mlezi wa klabu ya mazingira shuleni na zile shughuli za kupanda miti ambapo mgeni rasmi anashika jembe, anapigwa picha, halafu miche inaachiwa mbuzi zimenitosha. Kwa hiyo Gazi (Kwale, unavuka Likoni unashika barabara ya Lungalunga, ni kabla ya Msambweni) nilienda shingo upande.

Jamani kule ni kazi. Kwanza ratiba ni ya bahari, sio ya deputi, maji yakijaa hakuna kupanda, kwa hiyo kabla hujaahidi wazazi saa ya kurudi uliza maji yanapwa saa ngapi siku hiyo. Pili wenyeji hawakuachii tu uchomeke popote, mikoko ina aina zake na kila aina ina mahali pake. Mlilana ndio unakaa mbele kabisa ukiangalia bahari, mkoko nyuma yake, mchu unapanda juu hadi kule maji hayafiki kila siku, na ukikosea hapo mche unakufa hata ukiombewa dua. Kwingine nishaona watu wanachomeka mkoko kwenye mchanga mtupu unaopigwa na mawimbi, wakajisifu wamepanda elfu kadhaa.

Vijana walichopenda zaidi ni mbegu ya mkoko, maana inaota ikiwa bado inaning'inia mtini, ndefu ndefu hivi, inakuja tayari kuchomekwa topeni. Kuna waliochomeka juu chini wakachekwa mpaka basi.

Halafu stori ya pale yenyewe ina uzito. Miaka ya 70 mikoko ya Gazi ilikatwa sana kuwa kuni za matanuri ya chokaa na matofali, ikabaki mapengo, kurudisha msitu kukaanza miaka ya 90 na watafiti wa KMFRI, ile taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na uvuvi. Sasa hivi kuna Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji wa Gazi na Makongeni, unalinda hekta 117 na tangu 2013 unauza kaboni, yaani wanalipwa kwa hewa ya ukaa ambayo mikoko inafyonza na kuhifadhi, pesa zinaingia kwenye maji ya bomba na vitabu vya shule. Mwaka 2017 wakapata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Wale wangu wa bizinesi stadi, ambao kwa kawaida wanalala kwenye safari za klabu, ndio waliouliza maswali mengi, kaboni inauzwaje kwani inapimwa kwa kilo au debe? Wanaofanya President's Award (ile tuzo ya vijana inayodai masaa ya kuhudumia jamii) pia hapa wanapata masaa ya huduma ambayo hayana aibu kuandika.

Basi sasa. La kukodi, silitaji jina. Dereva alitushusha akaenda kupiga tripu nyingine, tukamsubiri na watoto wamelowa tope mpaka kiunoni, na aliporudi akataka pesa ya kuosha viti!

Ushauri kwa walimu wenzangu: msipeleke shule nzima, darasa moja linatosha, topeni huwezi kumkimbilia mtoto. Kroksi ziacheni nyumbani, tope linazimeza, vaeni viatu vya kufunga kamba ambavyo hamvipendi tena. Maji ya kunywa bebeni mengi kuliko mnavyodhani, na kama mnataka wali na samaki ulizeni mapema, msifike na njaa ndio muanze kuulizia. Na chagueni dereva anayekaa.