Biolojia na ualimu kwa pamoja, Iringa: uzoefu wangu

Kila dirisha la udahili likifunguliwa, wadogo zangu mliomaliza kidato cha sita kwa PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) na CBG (Kemia, Biolojia, Jiografia) mnaniuliza swali lilelile: nichukue biolojia tupu au ile yenye ualimu ndani yake? Mimi nilichukua ya pili, hapa Iringa, masomo yangu ya kufundishia yakiwa Biolojia na Kemia. Chuo sikitaji, maana mengine nitakayosema si mazuri.

Tuanze na hesabu. Kwa miaka 3 unatoka na shahada inayokuruhusu kusimama darasani. Rafiki yangu wa biolojia tupu alimaliza miaka 3 vilevile, akazunguka na bahasha, mwisho akarudi chuoni mwaka 1 kusomea stashahada ya uzamili ya ualimu. Hapo nimempita. Lakini biolojia yake ni nene kuliko yangu, na hilo siwezi kulificha. Wakati yeye anazama kwenye jenetiki, mimi nilishahamishiwa saikolojia ya elimu, nakariri hatua za Piaget za ukuaji wa akili ya mtoto. Kama ndoto yako ni utafiti, hii kozi itakuacha na njaa.

Ratiba ni ngumu. Mchana mko maabara mnapasua chura, mikono inanuka fomalini, jioni mnakimbilia ukumbi wa nadharia za mitaala uliojaa mpaka watu wanakaa kwenye ngazi. Kazi za makundi za upande wa elimu zilinichosha kuliko kitu chochote: majina kumi kwenye karatasi, wanaofanya wawili. Ila tuseme ukweli, sapu (mitihani ya marudio) nilizoziona nyingi zilitoka kwenye sayansi. Elimu ndiyo iliyowanyanyulia wengi GPA (wastani wa alama), pamoja na mimi.

Siku nzuri zilikuwa za nje. Tulipokwenda milima ya Udzungwa kupima uoto kwa kwadrati, ile fremu ya mraba, ndipo somo la uainishaji wa viumbe liliponiingia. Mpaka hapo nilidhani viumbe vyote vilishapewa majina na wazungu wa zamani. Kumbe kipunji, kima wa milima yetu hii, wanasayansi walimwona mara ya kwanza mwaka 2003 kule Rungwe, baada ya kusikia habari zake kwa wawindaji wa Kinyakyusa, na baadaye wakamkuta Ndundulu, huku Udzungwa. Mwaka 2006 akapewa jenasi (kundi la spishi za karibu) yake peke yake, Rungwecebus. Jamaa mmoja wa Tukuyu, hukohuko Rungwe, alitembea kifua mbele wiki nzima.

Lawama yangu kubwa ni kwamba pande hizi mbili hazisalimiani. Mhadhiri wa fiziolojia ya mimea hana habari utamwelezaje mtoto wa kidato cha pili, na wa falsafa ya elimu hana habari na stomata, vile vitundu vya majani. Zinakutana kwenye kozi ya mbinu za kufundishia biolojia, unapofundisha wenzako huku wao wanajifanya watoto watukutu (wengine hawakuhitaji kujifanya), halafu kwenye TP, mazoezi ya kufundisha shuleni. Nani aliamua hiyo kozi iwe fupi vile, sijui.

Faida yake niliiona nilipokuwa napiga tempo (kufundisha kwa muda kabla ya ajira) shule moja ya kata huko Kilolo. Mada ilikuwa upumuaji usiotumia oksijeni. Kitabu kinataka hamira na glukosi, maabara ina hadubini moja na chupa tupu. Lakini ilikuwa msimu wa mvua, yaani msimu wa ulanzi, pombe ya mwanzi, na watoto wale wanaujua kuliko mimi: mwanzi mchanga ukikatwa ncha unatoa maji matamu, ukiyanywa mapema ni mtogwa, yakilala ni mkangafu, yaani pombe kali. Nikaomba ruhusa ya kuingiza mtogwa darasani. Mkuu wa shule alikaa kimya muda, kisha akakubali kwa sharti kwamba umwagwe mbele yake kipindi kikiisha.

Tuliumimina kwenye chupa ya plastiki, tukavika puto mdomoni. Kipindi cha pili hakijaisha, puto limesimama. Tukapitisha ile hewa kwenye maji ya chokaa, yakageuka meupe. Wakaandika wenyewe: hamira wa porini wanaoingia kwenye ule utomvu wanavunja sukari, inatoka alkoholi, kaboni dioksaidi na nishati kidogo. Binti mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona ukikaa sana unachachuka kama siki?" Jibu ni la biolojia: bakteria wanaigeuza alkoholi kuwa asidi, na hao wanahitaji hewa. Kutolijibu palepale, nikalifanya mlango wa kipindi kinachofuata cha upumuaji unaotumia oksijeni, hilo nilifundishwa na upande wa elimu niliokuwa nasinzia.

Ajira? Walimu wa sayansi wanatafutwa, ila foleni ipo, na siku hizi hata mwalimu anafanyiwa usaili. Jiandae kwa tempo.

Kuhusu somo la pili, ukiwa na ufaulu wa kemia ichukue hiyo badala ya jiografia, hata kama inatisha. Shule nyingi za huku nilizozifahamu zilikuwa na mwalimu wa jiografia tayari, wa kemia hawana, na vipimo vyote vya chakula utakavyowafanyisha watoto kwa ajili ya mtihani wa vitendo, iodini na Benedict, ni kemia ileile.