Mafuta ya bakuchi kwa mbalanga: uzoefu wangu wa miezi sita

Ukitaka kununua mafuta haya ya mbegu za mmea wa bakuchi kwa ajili ya mbalanga, tafadhali soma kwanza yaliyonikuta.

Mabaka yangu meupe yalianzia kwenye vifundo vya vidole, kisha moja likatokea mkononi chini ya kiko. Nilidhani ni mba, nikapaka dawa ya fangasi wiki sita, wapi. Mama ndiye aliyeniambia, "Mwanangu, hiyo mbalanga."

Nikaenda duka la dawa za Kihindi hapa Mombasa. Mzee wa dukani, ambaye mbegu zenyewe huziita bavchi kwa Kigujarati, alinipa chupa ya mafuta na unga wa kunywa. Akanikataza kula samaki pamoja na maziwa, kama wanavyofundisha watu wa Ayurveda, tiba ya jadi ya Kihindi. "Paka, binti, kisha ukae juani." Dakika ngapi, hakusema.

Siku ya tatu nilikaa uani saa tano asubuhi, karibu nusu saa. Usiku yale mabaka yakawa mekundu, yanawaka kama yamemwagiwa uji wa moto. Kesho kutwa yake yakaumuka malengelenge yenye maji, makubwa kama punje za mahindi. Sikuweza kushika hata mwiko.

Daktari wa ngozi alinieleza vizuri. Bakuchi ina psoraleni, na hiyo ndiyo huifanya ngozi iungue upesi ikipigwa na jua. Hospitalini nako hutumika dawa za jamii hiyo pamoja na taa maalumu, ila kwa kipimo. Unga akaniambia niache siku ileile, kwa kuwa wapo waliougua ini kwa kunywa bakuchi. Nikapimwa damu, alhamdulillahi ini salama. Akaniambia pia kwamba mbalanga hupenda kutokea palipojeruhiwa. Kweli, lengelenge la kidole gumba lilipopona liliacha baka jipya ambalo sikuwa nalo.

Nilipopona, yeye akiwa anafuatilia, nilirudia kwa tone moja lililochanganywa na mafuta ya nazi, juani dakika mbili saa mbili asubuhi, nikiongeza kidogo kidogo. Mwezi wa nne niliona chini ya kiko vitone vya kahawia, vidogo kama ufuta, kila kimoja kimezunguka shina la unywele. Nililia kwa furaha. Leo karibu nusu ya baka hilo imejaa. Vidole havijabadilika hata kidogo. Daktari anasema rangi hurudi kutoka kwenye vinyweleo, na pale vinyweleo ni haba.

Nayapa nyota mbili kati ya tano. Dawa ina nguvu, siikatai. Ila chupa yangu imeandikwa "asilia" na kuchorwa maua, wala jua halikutajwa popote. Nimerudi dukani kumwonyesha mzee kovu langu, nikamwomba amwambie kila mnunuzi: dakika mbili, si nusu saa. Aliushika mkono wangu, akautazama kwa muda mrefu, akaniahidi.