Plagi za BPR5EY kwenye Hilux yangu ya 22R: uzoefu wa miezi minane Malindi

Nina Hilux ya zamani, injini ya 22R, lita 2.4, silinda nne, kabureta. Ndiyo inayonipa riziki: maembe na nazi kutoka Marafa kuja soko la Malindi, na mizigo ya watu siku ambazo hakuna maembe. Ninayoyaandika ni ya mtu aliyelala njiani na matenga ya maembe kwa sababu ya plagi nne tu, vile vidude vya kuwasha petroli kwa cheche, na sipendi yamfike mwenzangu.

Ilianza kwa kumisi. Asubuhi inawaka kwa taabu, ikiwaka inatetemeka, kisha ikipata moto inatulia. Ukiipakia mzigo ikakutana na kilima, inakohoa na nguvu zinakatika. Nikajua ni plagi, na katika hilo sikukosea. Nilikosea dukani.

Niliingia duka la spea nikasema, "Nataka plagi za Hilux." Muuzaji akanipa za NGK, BPR7ES. Nikamuuliza mbona nilizozitoa, BPR5EY, zina namba 5, akanijibu kwa uhakika kabisa kwamba namba kubwa ndiyo yenye moto mkali, na gari la mzigo linataka moto mkali. Nikalipa. Siku tatu za mwanzo gari likawa zuri, nikamshukuru moyoni. Siku ya tisa nikakwama kabla sijafika Mambrui, jua linazama, maembe yameshaiva.

Fundi ninayemwamini yuko Barani, mtu mzima, sote tunamwita Ami. Alizifungua plagi zote nne injini ikiwa baridi, akazipanga juu ya gunia kwa mfuatano wa silinda, ya kwanza mpaka ya nne, asizichanganye. Kisha akanyamaza akiziangalia. Tatu zilikuwa nyeusi kavu kama tako la sufuria ya kuni. Ukipitisha kidole, masizi yanabaki kidoleni, laini kama wanja. Ya silinda ya tatu ilikuwa nyeusi pia, ila imelowa na inang'aa.

"Mwanangu, hizi kakupa nani?"

Nikamweleza. Akaniuliza nilizozitoa ziko wapi. Zilikuwa bado chini ya kiti. Akaziweka ubavuni mwa zile mpya. Za zamani zilikuwa na rangi ya kahawia ya biskuti, rangi njema, ila ncha ya katikati imelika, pembe zake zimekuwa mviringo kama pipi iliyomung'unywa. Akapitisha fila, kile kibamba cha kupimia mwanya: gepu, yaani mwanya ambao cheche inauruka, ilikuwa imefika milimita 1.2, na kitabu cha injini hii kinataka 0.8. Cheche inapotakiwa kuruka mbali hivyo, koili inayotoa umeme wa cheche inahangaika, na mzigo ukizidi inashindwa. Basi ugonjwa ulikuwa uzee. Zilihitaji kubadilishwa kwa nyingine za aina ileile, basi.

Kuhusu ile namba, hapa naomba msomaji asimame nami kidogo, maana ndipo wengi tunapoliwa. Namba iliyo katikati ya jina la plagi haisemi ukali wa cheche. Inasema plagi inavyotoa joto lake. Plagi ya moto ina kauri ndefu kwa ndani, ile sehemu nyeupe inayoizunguka ncha, joto linasafiri njia ndefu kufika kwenye kichwa cha injini, kwa hiyo ncha inabaki na moto. Ya baridi kauri yake ni fupi, joto linakimbia upesi. Ncha ikifika nyuzi 450 hivi za Selsiasi inayachoma masizi yake yenyewe. Ikipita 800 na ushei inaanza kuwasha petroli kabla ya wakati, na hapo unaweza kutoboa pistoni. Kwa NGK na Denso, namba ikipanda plagi ni baridi zaidi. Kwa Bosch na Champion ni kinyume chake. Kwa hiyo 7 niliyouziwa ilikuwa baridi kwa hatua mbili kuliko inavyotaka injini yangu, na mimi naenda pole, nasimama kila mahali kushusha matenga. Ncha hazikuwahi kupata moto wa kujisafisha hata siku moja.

Ami alinisomea jina lote la BPR5EY nikaliandika kwenye kava ya daftari langu la mizigo. B ni uzi wa milimita 14. P, kauri imechomoza mbele. R, ina rezista ndani, redio isikwaruze. 5 ni joto. E, uzi una urefu wa milimita 19. Y, ncha ya katikati imechongwa mfereji wa umbo la V. Ukiona mwishoni wameongeza 11, iache, hiyo gepu yake ni milimita 1.1. Ya Denso inayolingana na hii ni W16EXR-U, na ningeipata kwanza ningeifunga bila wasiwasi.

Kuipata BPR5EY kulinichukua siku nne. Duka moja walikuwa nazo kwa bei ya kutupa, boksi lenye rangi zilezile. Nikaifungua moja pale pale kaunta. Wosha ilitoka kwa vidole viwili, ilhali kwenye plagi halisi imebanwa na haichomoki hivyo. Maandishi kwenye kauri yalikuwa yamepinda kidogo, na ule mkono wa juu ulikuwa umeegemea upande, haukukaa sawa juu ya ncha. Nikazirudisha kwa adabu nikatoka. Mwishowe niliziagiza Mombasa, akaniletea dereva wa matatu. Shilingi 350 kila moja, pamoja na ya dereva nikamaliza kama 1,600. Siku moja ya kukwama na maembe ilinila zaidi ya hapo.

Kufunga nilifunga mwenyewe, Ami amesimama. Kichwa cha 22R ni aluminiamu, ukikata uzi umeingia gharama nyingine kabisa. Kwa hiyo unaizungusha kwa vidole mpaka ikae, ndipo spana ya 21, nusu duara hivi, unaacha. Hakuna grisi kwenye uzi. Nilikuwa na kawaida ya kupaka nikidhani naikinga na chumvi ya bahari, kumbe inakufanya ukaze kupita kiasi bila kujua. Chumvi inashambulia juu, kwenye vikofia vya waya. Vyangu viwili vilikuwa na kutu ya kijani ndani, nikabadilisha seti nzima ya waya. Hakikisha pia ile nati ndogo ya juu ya plagi imekazwa, maana inafunguka.

Miezi minane sasa. Inawaka mara ya kwanza hata asubuhi za kusi, mvua ikinyesha. Kilima cha Marafa inapanda imejaa na haikohoi. Ulaji wa petroli umepungua, ingawa sehemu ya hilo ni waya mpya, siwezi kuzipa plagi sifa zote. Wiki iliyopita nilizifungua kuangalia: ya kwanza, ya pili na ya nne ni kahawia safi, na fila ya 0.8 inapita kwa kukwaruza kidogo kama siku ya kwanza.

Wengi wananiuliza mbona sikuweka za iridiamu. Ni plagi nzuri, zinadumu muda mrefu zaidi, na kwenye injini ambazo lazima ufungue nusu ya gari ndipo uifikie plagi, ningezinunua. Kwenye 22R plagi zote ziko ubavuni, mkono unafika. Mimi nitabadilisha hizi kila kilomita 20,000 na nitabaki na pesa ya oili.

Oili nitaihitaji, kwa sababu plagi ya silinda ya tatu bado inalowa oili. Plagi mpya inavumilia tu. Ami anasema ni sili za valvu, zile zinazozuia oili isishuke kwenye silinda, na kwamba hakuna plagi duniani itakayoziba pale. Msimu wa maembe ukiisha tutafungua kichwa, na mpaka hapo natembea na BPR5EY moja ya akiba kwenye droo, nimeifunga kwenye mfuko wa plastiki isipate chumvi.