Bia ya Kupika Nyumbani na Bia ya Baa: Ipi Ina Kalori Nyingi?

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Hapa mezani nina chupa mbili nilizonunua dukani Sinza. Moja ni Safari, nyingine ni hizi tunazoziita lite, ya asilimia 4. Hii ya tatu isiyo na lebo imepikwa nyumbani kule Tabata, kwenye ndoo ya lita 20, na kaka yangu mmoja anayejua kazi yake. Mmeniuliza sana kama bia ya nyumbani inanenepesha kidogo kwa sababu ni "ya asili". Basi leo tunapiga hesabu, na zote nitaziweka kwenye kipimo cha nusu lita maana chupa hazilingani.

Ya kiwandani kwanza. Kalori za bia zinatoka kwenye vitu viwili: kilevi chenyewe, na wanga ambao hamira imeuacha. Gramu moja ya kilevi ina kalori 7, gramu ya wanga ina 4. Safari ina kilevi asilimia 5.5, kwa hiyo nusu lita ina mililita 27.5 za kilevi. Kilevi ni chepesi kuliko maji, uzito wake hapo unakuja karibu gramu 22. Zidisha kwa 7: kalori 150 na ushee, na wanga bado hatujaugusa. Ukiuweka, unafika kwenye 210 hadi 230. Ile lite, kilevi chake peke yake ni kama kalori 110, na wanga wake ni kidogo kwa sababu imechachushwa mpaka karibu sukari yote imekwisha. Hiyo nusu lita iweke kwenye 150 hadi 170. Kwa hiyo ukiwa baa na lebo haitaji kalori, angalia asilimia. Sehemu kubwa ya jibu iko pale.

Sasa njoo kwa hii ya Tabata. Hapa nina haidrometa, hiki kijiti cha kioo chenye uzito chini. Kinaelea kwenye bia na kukuonyesha uzito wake ukilinganisha na maji. Maji ni 1.000. Kaka alipima kabla hajatia hamira akapata 1.050. Leo namimina kwenye hii silinda… subiri povu litulie. Ukiangalia vizuri, vipovu vya gesi vinaganda kwenye kioo na kukibeba juu, utapata namba ya uongo. Kizungushe kwa vidole hivi, viachie. Haya, sasa kimetulia: 1.008. Lakini haidrometa nyingi zimetengenezwa kusoma kwenye nyuzi 20, na humu ndani tuko kwenye nyuzi 30. Joto hili la Dar linakushusha pointi mbili tatu, kwa hiyo isome 1.010.

Toa 1.010 kwenye 1.050, zidisha kwa 131: kilevi ni asilimia 5 na robo. Kalori kwa nusu lita zinakuja kama 230. Ina kilevi kidogo kuliko Safari, ila kalori ni zilezile au zinazidi kidogo. Sababu ni kimea. Kaka ametumia kimea kitupu, wakati bia nyingi za viwandani huchanganywa na mahindi au sukari, vitu ambavyo hamira inavimaliza vizuri zaidi. Kimea kitupu kinaacha wanga mwingi, na huo ndio unaoupa mdomo ule uzito mtamu. Mimi naupenda sana, nasema wazi, lakini unahesabiwa.

Hili hapa ndilo nataka mlishike. Watu wanadhani hamira ikila sukari, kalori zimekwenda. Hapana jamani. Hamira inachukua sukari na kutoa kilevi na gesi. Gesi inaruka, lakini karibu nguvu yote iliyokuwa kwenye sukari inabaki ndani ya kilevi. Ndiyo maana kalori za bia zinaamuliwa kwenye sufuria, siku ya kupika. Ukianza na 1.036 utamaliza na kama kalori 165 kwa nusu lita. Ukianza na 1.070, kwa sababu unataka ikate kiu na ikupandishe, jiandae kwa 325. Ile sukari ya kuwekea gesi kwenye chupa wala isikusumbue, ni gramu tatu nne tu kwa nusu lita.

Na hii inagusa mnazi pia. Wapo wanaoacha ule mtamu wa asubuhi wakangoja mkali wa jioni wakiamini sukari imeisha. Sukari imeisha kweli, imekuwa kilevi. Kwa mwili wako tofauti ya kalori ni ndogo, na kichwani ndiyo utaipata.

Kwa hiyo hukumu yangu: kama unahesabu kalori, lite ya dukani inashinda hizi mbili bila ubishi. Kama unapenda kupika mwenyewe, una nafasi ambayo mteja wa baa hana, maana unaweza kupunguza kimea ukashusha namba kabla ya kuwasha moto. Kwa hilo peke yake, mimi ningemshauri kila anayepika nyumbani awe na haidrometa.

Mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi, sijaipima leo, na sababu ni ya msingi. Ulezi unaelea mle ndani, mzito kama uji, na haidrometa haiwezi kutofautisha unga na sukari. Ukiitumbukiza itakupa namba isiyo na maana. Kwenye bia ya kuchujwa unaacha machicha. Kwenye mbege unakunywa na ulezi wake, kwa hiyo ni kinywaji na chakula kwa pamoja. Njia sahihi ni kuhesabu vilivyoingia: uzito wa ndizi, uzito wa kimea cha ulezi, na lita ngapi zimetoka. Mama zangu na dada zangu mnaopika mbege huko Kimara na Mbezi, niandikieni hapo chini: dumu moja la lita 20 mnaweka ulezi kilo ngapi?