Moshi mweupe kwenye 504, na maji hayapungui: uzoefu wangu

Nina Peugeot 504 ya mwaka 1979, niliyoachiwa na marehemu baba. Tangu Ramadhani ilikuwa ikitoa moshi mweupe. Si ule wa asubuhi, unaokwisha injini ikipata joto. Huu ulikuja nikisimama kwenye taa, nikiondoka wa nyuma haoni mbele. Pale Buxton, hapa Mombasa, makanga mmoja alinitolea kichwa dirishani: "Mzee, hiyo ni gari ama jiko la makaa?"

Gereji ya kwanza hawakufungua hata boneti. Gasketi ya hedi, ile inayozuia maji yasiingie kwenye silinda, imeungua, wakasema, lete 48,000. Nikauliza, mbona basi maji ya rejeta hayapungui? "Yatapungua tu."

Jirani akanielekeza kwa mzee mmoja Changamwe, fundi wa Peugeot tu. Yeye hutoza 2,500 ya kuangalia peke yake, utengeneze kwake usitengeneze. Nikaona naibiwa mchana. Leo nasema sijawahi kutumia pesa vizuri hivyo kwenye gari hii.

Alianza kwa pua. Maji ya rejeta yenye kulanti yakiungua hunukia utamutamu, alisema. Oili hutoa moshi wa samawati, na kabureta ikizidisha petroli moshi huwa mweusi. Huu wangu uliwasha macho. Akafungua plagi zote nne, akaingiza geji ya kompresheni, ya kupima mgandamizo ndani ya kila silinda: 140, 138, 140, 135. "Hedi yako haina neno, mwanangu." Kisha akauliza, mafuta ya breki unaongeza kila lini?

Nikanyamaza. Kila wiki mbili nilikuwa naongeza, na magurudumu yote manne ni makavu.

Akachomoa mpira unaotoka kwenye busta ya breki (ile inayouongezea mguu nguvu) kwenda manifoldi, njia ya injini kuvutia hewa, akauinamisha juu ya kitambaa cheupe. Yakadondoka matone. Sili ya nyuma ya masta silinda, yaani pampu ya breki, ilikuwa imekwisha: mafuta ya breki yanavujia ndani ya busta, injini inayafyonza na kuyachoma. Na injini hufyonza zaidi ikinguruma polepole, ndiyo sababu nilikuwa nafuka kwenye taa. Akaziba mpira ule kwa boliti, akawasha. Moshi ukapungua, ukapungua, baada ya kama dakika kumi ukakatika. Nami nilikuwa nikivuka daraja la Nyali na breki za namna hiyo, watoto nyuma.

Mipira ya masta silinda pamoja na kazi ilikuwa 6,500. Busta nayo ilibidi ifunguliwe, maana mafuta yale yalishaanza kufurisha mpira wake wa ndani. Mpya haupatikani, akatoa wa gari bovu. Unashika hadi leo.

Malalamiko ninayo. Aliniambia kesho, ikawa siku nne. Risiti hana, na simu hashiki mpaka umwendee. Nyota nne; ya tano ataichukua siku atakayopokea simu.