Koili Ipi Ununue Ili Betri Idumu: Omu, Volti na Wati

Mnunuzi wa sigara ya kielektroniki huulizia kwanza ladha na umbo, ilhali kinachoamua kama betri itamfikisha jioni ni namba ndogo iliyochapwa ubavuni mwa koili, ule waya uliosokotwa unaopashwa moto ili kimiminika kiwe mvuke; namba hiyo ni ukinzani wake kwa omu. Nguvu hupatikana kwa kuzidisha volti kwa volti, kisha kugawanya kwa ukinzani. Koili ya omu 1.2 ikipewa volti 3.7 hutoa wati 11 na ushei, na ya omu 0.6 kwa volti zilezile hutoa karibu wati 23, maana yake betri inaliwa maradufu. Volti nazo zina uzito wake: ukiipandisha koili hiyo ya omu 1.2 kutoka volti 3.3 hadi 4.2, unatoka wati 9 na kukaribia 15.

Nafasi ya kwanza naipa koili ya omu 1.0 hadi 1.2, ikiwa ndani ya kifaa kinachodhibiti nguvu chenyewe. Betri ya 18650, ile ya mche duara yenye upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65, ikiwa na miliampea-saa 3,000 hubeba takribani wati-saa 10.8, kiasi kinachotosha, kwa wati 11, mivuto ya sekunde tatu ipatayo elfu moja. Koili hiyo ndiyo pia inayofaa kimiminika chenye nikotini nyingi, kwa kuwa mvuke wake ni mchache. Asiyevuta sigara, hata hivyo, hana sababu ya kununua chochote kati ya hivi, kwani nikotini huleta uraibu.

Ya pili ni koili ya omu 0.6 hadi 0.8, ambayo ladha yake hukolea zaidi, ila betri hudumu karibu nusu ya muda ule. Ya tatu ni ya omu 0.2 hadi 0.4: kwa wati 60, betri moja haimalizi dakika 11 za kubonyeza kitufe, kwa hiyo inunuliwe pamoja na kifaa cha betri mbili.

Usizidishe wati zilizoandikwa kwenye koili. Ukizidisha, pamba inayofyonza kimiminika hukauka kabla kimiminika kingine hakijaufikia waya, na utaijua kwa ladha chungu inayokwaruza koo. Ukiifungua, utakuta pamba imeingia weusi pale ilipogusana na waya. Koili hiyo haiponi tena.

Mwisho kabisa naweka kifaa kisichodhibiti umeme, nami sikipendekezi kwa mtu yeyote. Betri iliyojaa ina volti 4.2, ikikutana moja kwa moja na koili ya omu 0.15 hulazimika kutoa ampea 28, ilhali betri nyingi za 18650 hazikuundwa kutoa hata ampea 20 mfululizo, na betri iliyolemewa hivyo hupata joto na inaweza kulipuka mkononi. Kabla ya kulipia betri yoyote, izungushe mwangani uangalie ganda lake la plastiki: likiwa limechanika, hata kwa upana wa ukucha, irudishe.