The Enclave ya Richard Mosse: Kivu kwa rangi ya waridi

Usiihukumu The Enclave kwa vipande vya kwenye simu. Kazi hii ya video ya Richard Mosse, msanii aliyeiwakilisha Ayalandi kwenye maonyesho ya Venice mwaka 2013, huoneshwa kwa skrini sita zilizotawanywa katika chumba chenye giza, na huchukua takriban dakika 40. Popote utakaposimama, kuna skrini utakayoikosa. Sauti inaibuka nyuma yako, unageuka, na kilichokuwa mbele kimeshapita. Ndivyo ilivyokusudiwa, na mtu akijibanza kwenye kona moja anajipunja.

Vilima vya Kivu, mashariki mwa Kongo, humu si vya kijani. Nyasi na migomba ni waridi kali, na askari wenye bunduki wanapita katikati yake. Chanzo cha rangi hiyo ni filamu yenyewe, Kodak Aerochrome ya milimita 16. Filamu za aina hii zilibuniwa kwa matumizi ya jeshi, ili kumfichua adui aliyejificha. Jani bichi huakisi kwa wingi mionzi ya infraredi, isiyoonekana kwa macho, hivyo hutoka jekundu. Wavu wa kujifichia uliopakwa rangi ya kijani kwa kawaida hauakisi kiasi hicho, basi hujitenga na kichaka. Kwa hiyo urembo unaokuvuta umetoka kwenye chombo cha vita, na kwa maoni yetu hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote katika kazi hii.

Kuitumia filamu hii ni kazi ngumu. Kodak waliacha kuitengeneza mwaka 2009, kwa hiyo hutumika akiba tu, nayo hutunzwa kwenye friza maana joto huiharibu kabla haijasafishwa. Hupakiwa kwenye kamera gizani kabisa. Bila kichujio cha njano, mwanga wa buluu huvuruga rangi zote. Kipimamwanga cha kawaida hakisomi infraredi, hivyo mpiga picha hukisia, na filamu ya slaidi kama hii haisamehe makosa: ukizidisha mwanga kidogo, waridi linapauka.

Kamera ya mpiga picha Trevor Tweeten, iliyofungwa kwenye kifaa cha kuzuia mtikisiko, inaelea kati ya watu nao wanaikodolea macho. Sauti za mtunzi Ben Frost ndizo zinazokunyima raha ya kuustarehea huo uzuri.

Kasoro ipo, tena si ndogo. Kazi haielezi nani anapigana na nani, wala kwa nini. Asiyejua kwamba waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma, huko Kivu, Novemba 2012 anaweza kutoka na mandhari tu kichwani. Soma kwanza habari za Kivu, kisha tazama mizunguko miwili: wa kwanza ukisimama katikati, wa pili ukizunguka.

Picha kubwa za ukutani, zilizopigwa kwa aina hiyohiyo ya filamu, tunazipa alama za chini. Zikikosa ile sauti, waridi linashinda, na mtu anaweza kuzitundika sebuleni bila kusumbuka.